Kioo Hakisogei

Tumekuja kugawana nyumba ya mama, Barabara ya Kumi na Tano,
mimi kutoka Korogwe, Nuhu kutoka Maskati na masanduku mawili,
na ndani ya kabati la vyombo, chini ya ungo,
tumeikuta gemu ya Fundi Shekue,
rangi yake sasa ya jino la mvuta tumbaku,
pedi mbili, waya zimezongwa kwa mpira wa baiskeli.
(Fundi alipofunga duka alimwachia mama,
badala ya deni la maandazi la miezi mitatu.)

"Itawaka?"
"Ipulizie."
Nikaipuliza kaseti kama zamani, pumzi ya chini, midomo mikavu,
maana mate yanaozesha shaba. Ndivyo Fundi alivyotufundisha,
na mpaka leo sijui kama ilikuwa elimu au uongo.

Ikawaka.

Hao! Nguchiro wawili, mmoja wa kofia, mmoja wa kizibao,
wale wa katuni ya Alhamisi jioni
iliyotufikia kutoka upande wa Pemba, imejaa chenga,
kwa antena tuliyoifunga kwenye mlingoti wa mkonge:
mmoja ashike mlingoti, mwingine dirishani apige kelele,
hapo hapo! usipumue!

Walikuwa na majina ya Kizungu, tukayatupa.
Kofia na Kizibao. Mimi Kofia daima,
kwa kuwa nilitangulia kuzaliwa, na hoja ikaishia hapo.

Sheria za gemu ni chache.
Kasha unaweza kulibeba, ukalirusha.
Mwenzako pia unaweza kumbeba, ukamrusha.
Na ukitangulia, kioo hakisogei.
Kinakubana pembeni, unakimbia papo hapo,
mpaka wa nyuma aruke, aanguke, arudi, afike.
Kwa shilingi mia nusu saa,
hilo liliniuma kuliko njaa.

Vidole vimekumbuka vyenyewe.
Bomba linalovuja: chini, chini, ruka.
Jikoni, nyuki wa chuma: usiwatazame, pita.
Nuhu amenenepa, amekaa mkekani kwa awamu,
goti moja, "Bismillahi," goti la pili,
lakini dole gumba ni lile lile la miaka tisa,
na bado anainua pedi nzima hewani akiruka,
kana kwamba waya ndio unaomvuta nguchiro.

Tukafika kiwandani. Shimo, na mikanda ya mashine.
Nikanyamaza. Naye akanyamaza.

Hapa ndipo, mwaka ule wa Elinino, maji yakigonga mlango wa duka,
tulibakiwa na tunda moja la uhai, sisi wawili.
Nikambeba Kizibao juu ya kichwa
nikamtupa.
Nikasema: Fundi, Nuhu ameigonga pedi, imekwama.
Wiki nzima alimchotea Fundi maji, ndoo ya bluu,
mpini ukimchora kiganja.
Mimi niliendelea peke yangu hadi kwa Kunguru mwenye miwani.
Nikafa upesi.

"Nilikutupa makusudi," nikakiambia kioo, si yeye.
"Siku ile."
"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa shimoni."

Akasogea. Akanibeba.
Miguu ya Kofia ikapiga hewa, vifungo vyangu vyote havifai,
akatembea nami hatua tatu, nne, kwa adabu,
kama apitishaye sinia la pilau katikati ya wageni,
akasimama ukingoni,
akanitupa.

Alicheka mpaka akakohoa, akaegemea kabati,
vikombe vya mama vikalia.
Nami nilicheka, nusu kwa hasira. Kweli, nusu kwa hasira.

Simu ya dalali inatetemeka juu ya friji.
Kofia amerudishwa nyuma, kwenye ngazi ya kutu,
ana uhai mmoja na makasha yote ya kuvuka upya.
Kizibao yuko ng'ambo, amebanwa pembeni mwa kioo,
anaruka, anatua, anaruka, mahali pamoja.
"Njoo basi," anasema Nuhu, macho mbele.
"Leo wewe ndiye unayetuchelewesha."